Kina Baba Waliokufa Siku Moja

Nyangi aligundua kwamba amekufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye dirisha la tatu la mapokezi katika hospitali moja ya Bunda. Alikuwa ametoka Butiama alfajiri, amekunywa uji wa ulezi, ameshikwa mkono na Matrida mpaka kwenye foleni, na hakujisikia vibaya hata kidogo. Kwa hiyo habari ile aliipokea kwa utulivu, kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha kijiji cha pili.

"Rudia, mwanangu," alimwambia binti wa dirishani. "Masikio yangu ni mazima. Macho ndiyo yenye shida."

Binti yule aliitwa Justina, na alikuwa karani wa Mfuko wa Afya Ujirani Mwema, tawi la Bunda. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Bibi, kadi mliyoleta ni ya Mniko Nyangi. Huyo tunamjua, ni fundi wetu wa kompyuta kule Musoma. Mwanachama anaruhusiwa kutibiwa yeye, mwenza wake, watoto, baba yake na mama yake. Mama yake ni Matrida, huyu hapa, hana tatizo. Ila wewe humu haupo."

"Mimi ndiye baba yake."

Nyuma kwenye foleni mtu alicheka puani. Matrida aligeuka kumtazama, yule mtu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Matrida alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpole, lakini ana macho ya kukutazama mpaka ukumbuke ulipokosea.

"Ni mume wangu," Matrida alisema, kwa sauti ambayo dirisha la kwanza na la pili waliisikia vizuri. "Andika."

Justina hakucheka. Alisoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Baba wa Mniko ameshaandikwa hapa. Nyangi. Mwanamume. Amefariki tarehe moja Januari, elfu mbili kumi na tisa."

Nyangi alifikiri kidogo. "Mwaka huo nilivuna mtama magunia sita," alisema.

Sasa, wewe usiyetoka Mara, ngoja nikueleze kwa kifupi, maana sisi wa huku hatuelezanagi jambo hili. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mwenye ng'ombe wake, anaweza kwenda kuposa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani, na watoto watakaozaliwa na binti yule ni wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nyangi alimwoa Matrida kwa ng'ombe kumi na wawili, na Mniko alipozaliwa, Nyangi ndiye aliyemtoa nje kumwonyesha jua. Kila mtu Butiama alijua baba wa Mniko ni nani. Alikuwa anavaa kofia ya kijivu, anatembea na fimbo, na anapika ugali mgumu kuliko wa mtu yeyote.

Tangu mwaka juzi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikuwa anaiona dunia kupitia maziwa. Watu walimjia kama vivuli vinavyosimama ndani ya maziwa yale, wanazungumza, wanayeyuka. Hakuchukia sana, alisema wakati mwingine inapendeza, kila kitu kinakuwa cha mbali na cha zamani. Lakini miezi mitatu iliyopita Mniko alipata mtoto wa kwanza, wa kike, Rhobi, na walipomweka mapajani mwa Nyangi aliona weupe tu wenye joto. Alimpapasa masikio, pua, vidole. Siku hiyo ndipo alipotaka macho yake.

Na bahati ilikuwa imekuja. Mfuko ulileta madaktari wa macho Bunda kwa wiki moja tu. Walipasua wale waliokuwa kwenye orodha iliyotoka kwenye kompyuta ya Mfuko. Orodha ingefungwa Alhamisi saa sita mchana. Ijumaa wangefungua bandeji za mwisho, wapakie vyombo vyao, na kurudi tena baada ya miaka miwili. Nyangi alikuwa na miaka sabini na kitu. Miaka miwili kwa mtu wa umri ule haiahidiwi.

"Daktari hawezi kunitazama tu?" aliuliza.

"Anafuata orodha, bibi. Ukiwa haumo, hata mimi nikilia hakupasui."

"Basi niambie jambo moja. Aliyeniua ni nani?"

Justina alitazama kioo. Kila kumbukumbu kwenye kompyuta ile ilikuwa na jina la aliyeiandika, na jina lilikuwa pale, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Alilisoma, kisha akashusha macho kwenye mikono yake.

"Mpigieni Mniko simu," alisema.

*

Ofisi kuu ya Mfuko ilikuwa Musoma, ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama ziwa. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia mpaka mtu asingejua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mbali, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi, nguzo moja, nguzo mbili, zinaelea bila haraka. Mniko alikuwa anazitazama simu ilipoita.

"Mniko," alisema Matrida. "Wanasema mume wangu amekufa."

Mniko alisimama, akakaa. Fred, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, aliinua kichwa.

"Ni mashine, mama. Mashine huwaga inakosea. Nitairekebisha."

"Ongea naye mwenyewe."

Simu ilihama mkono. "Mniko."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niangalizie huko kwenye kompyuta yenu. Nataka kumjua aliyeniua. Simfanyi kitu. Nataka kumjua tu."

"Nitaangalia, bibi."

Alikata simu na kubaki ameishika. Alimwita bibi tangu siku alipoingia kidato cha kwanza hapa Musoma, mwalimu alipomuuliza mbele ya darasa, "Nyangi si jina la kike? Ni jina la baba?" na wenzake wa kwao wakachekea chini ya madawati. Kabla ya siku ile alikuwa anamwita Tata, kama mtoto mwingine yeyote wa Butiama anavyomwita baba yake. Akienda likizo alisema bibi. Mara ya kwanza Nyangi aligeuka kutazama nyuma, akidhani kuna bibi ameingia uani. Mara ya pili hakugeuka.

*

Jumatano yote Mniko alirekebisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika.

Kompyuta ya Mfuko ilihifadhi watu kwenye majedwali, na kila safu ya jedwali ilikuwa imeambiwa ipokee kitu cha aina gani. Safu ya tarehe inapokea tarehe, safu ya namba inapokea namba, kama jikoni penye kopo la chumvi na kopo la sukari. Aina nyingi zinakuja na mfumo wenyewe. Lakini fundi anaweza kutengeneza aina zake, akazipa jina, akaziwekea sharti. Na sharti likishawekwa, mashine hailisahau wala hailionei mtu huruma.

Alijaza upya kumbukumbu ya baba yake: Nyangi, mwanamke, yupo hai. Akabonyeza. Mashine ikasema thamani haikubaliki. Haikusema thamani ipi.

"Ni tarehe ya kuzaliwa," alimwambia Fred. "Kadi ya kliniki wameandika mwaka tu, hamsini. Aina ya tarehe inataka siku na mwezi."

Nyangi alizaliwa mwaka wa nzige, wakati wa palizi. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema kila akiulizwa. Mniko alihesabu palizi kuwa mwezi wa tatu, akaweka tarehe. Mashine ikakataa. Akahamia namba ya simu. Safu ile ilikuwa imewekwa aina ya namba, kwa hiyo ilikuwa inameza sifuri ya mbele. Hilo ni kosa la kweli, na alilirekebisha kwa bidii, matawi yote manne, Bunda, Butiama, Kiabakari na Kiriba, mpaka saa nane mchana. Hakuna aliyemwomba. Mashine ikakataa tena.

Akapima urefu wa jina. Jina Nyangi lina herufi sita, na safu inapokea arobaini. Alizihesabu hata hivyo, kwa kidole, kwenye kioo. Nje mwanga ulikuwa umelala juu ya mawe makubwa ya ufukweni, na akawa mbali kidogo. Alijiona mgongoni mwa mtu, ana miaka minne, malaria imempanda, na chini ya shavu lake kuna shati linalonuka moshi na ng'ombe. Mtu yule anatembea kutoka Butiama kwenda zahanati, hasimami, na anaimba kidogo kidogo bila maneno. Kofia ya kijivu ilikuwa inamgonga Mniko kwenye paji la uso kila hatua.

"Mniko," alisema Fred. "Ile aina ya baba umeiangalia?"

"Bado."

"Si ndiyo uliyoitengeneza mwenyewe?"

"Najua."

Fred alikuwa mtu wa Mwanza, hana maneno mengi. Alirudi kwenye kazi yake. Mniko aliendelea kutazama herufi sita.

Maana alijua tangu Jumanne. Alijua hata kabla simu haijakatika. Mwaka ule walipokuwa wanajenga mfumo, alitengeneza aina yake mwenyewe akaiita baba. Akaiwekea sharti moja: jinsia iwe mwanamume. Fred yule yule alimuuliza, "Na hizi ndoa zenu za kina mama itakuwaje?" Mniko akacheka, akasema mambo hayo yamekwisha, ni ya wazee. Kisha akaja kujiandikisha mwenyewe, na mashine aliyoitengeneza ikamkatalia baba yake. Angeweza kufuta sharti dakika ile ile. Badala yake aliandika mwanamume. Kwa kuwa mwanamume aliye hai lazima apigwe picha ya kadi, akaandika amefariki. Tarehe ya kifo ikahitajika, akaweka ya kwanza iliyomjia kichwani. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa chai.

*

Jioni alirudi kwake Nyasho kwa miguu. Mkewe, Eunice, mwalimu wa chekechea, alikuwa uani anamwogesha Rhobi kwenye beseni, na jua la mwisho lilikuwa ndani ya maji yale. Mtoto alikuwa anapiga mwanga kwa kiganja, anashangaa haushikiki.

"Mama amenipigia kutoka Bunda," alisema Eunice. "Amesema bado."

"Bado."

"Kesho saa sita wanafunga."

"Najua, Eunice."

Alikaa kwenye tofali, akavua viatu. Kisha alimwambia. Alimwambia yote, akitazama beseni: aina, sharti, tarehe moja Januari. Alipofika mahali pa kusema Nyangi si bibi yake bali ni nani, alianza upya mara mbili.

Eunice alimfunika mtoto taulo. "Mniko, mimi ni mtoto wa Kiabakari."

"Ndiyo."

"Mlipokuja kunichumbia kwetu, yule bibi yako alikaa wapi?"

Mniko alikumbuka. Nyangi alikuwa amepita moja kwa moja akakaa upande wa wanaume, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti, na akasema ng'ombe wake wako kumi na hajaja kubishana.

"Baba alimpa kigoda chake mwenyewe," alisema Eunice. "Ulidhani alimwonaje? Mgeni aliyepotea? Kanisani wanajua. Mama mwenye nyumba anajua. Bosi wako ni mtu wa Butiama, unadhani hajui?"

"Sasa nilikuwa namficha nani jambo hili?"

"Kompyuta," alisema Eunice. "Umeificha kompyuta peke yake."

Alitaka kucheka, na nusu ya kicheko ikatoka. Alilia. Eunice hakumwambia nyamaza. Alimwekea Rhobi mapajani, ana maji bado, akaenda kuepua mboga.

*

Bi Jenipher, mkuu wa Mfuko, alifika kazini saa tatu kasoro Alhamisi na kumkuta Mniko amesimama mlangoni pake. Aliweka mkoba mezani, akamsikiliza bila kukaa. Alikuwa mama mrefu, wa haki, asiyependa kushangazwa asubuhi.

"Kwa hiyo unataka nizime matawi yote wiki ya kambi ya macho," alisema.

"Saa moja tu, madam. Aina hii haibadilishwi wakati inatumika. Majedwali tisa yameishika. Nikijaribu kuifuta, mfumo unakataa. Lazima nitengeneze mpya, nihamishe safu moja moja, ndipo niondoe ya zamani."

"Kwa ajili ya mtu mmoja."

"Kwa ajili ya baba yangu."

Bi Jenipher alimtazama. "Nyangi wa kofia?"

"Ndiye."

"Ameandikwaje humu?"

"Niliandika amekufa."

Chini barabarani mtu alikuwa anauza sato, anaita kwa sauti ya kivivu. Bi Jenipher alikaa hatimaye.

"Barua ya kujieleza utaniletea Jumatatu," alisema. "Na utaijaza kweli, siyo maneno ya kompyuta. Lakini kabla sijazima chochote, nataka kujua kitu. Wewe ulikwepa hivyo. Na wengine je? Wilaya nzima ya Butiama, Mfuko una miaka mingapi? Hizo nyumba makarani wamekuwa wanaziandikaje?"

Mniko hakuwa amejiuliza. Alirudi kwenye meza yake, akaiuliza mashine: nipe kina baba wote waliofariki tarehe moja Januari. Alidhani atamwona mmoja. Orodha ilianza kushuka kwenye kioo, ikashuka, ikaendelea kushuka. Ghati. Bhoke. Wankuru. Nyabise. Karibu yote majina ya kike, lakini wote wanaume, wote marehemu, wote siku moja. Walikuwa hamsini na watatu. Majina yalipita mbele yake polepole, na kwa muda alihisi kama anatazama ukoo wa watu wanavuka maji, akina mama wazee, wamejifunga shuka, kila mmoja na fimbo yake, hawamtazami.

Bi Jenipher alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alinyoosha kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu ni shangazi yangu wa Kiabakari," alisema. "Pasaka nimekula kwake."

Walimpigia Justina, wakaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Ndiyo, madam," alisema Justina. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesubiri kuulizwa kwa miaka. "Mashine ilikuwa inakataa. Mama wa watu amepanga foleni tangu asubuhi, mashine inakataa. Tukawa tunaua tu."

"Nani aliwafundisha?"

Justina alisita. "Kwenye semina, madam. Mniko alituonyesha kumbukumbu yake mwenyewe iwe mfano. Tukaona jina la kike limeandikwa mwanamume, marehemu. Tukadhani ndiyo utaratibu."

Mniko aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Bi Jenipher alitazama saa ya ukutani.

"Saa tatu na nusu," alisema. "Zima matawi."

*

Alitengeneza aina mpya, akaiita mzazi, na sharti lake lilikubali wote wawili, mwanamume na mwanamke. Kisha alianza kuhamisha. Jedwali la wanachama likakubali. La kadi likakubali. La sita, la matibabu, liligoma kwa sababu kuna ripoti ya zamani ilikuwa bado inalitegemea. Ikabidi aiondoe ripoti kwanza, ahamishe safu, kisha airudishe. Fred alikaa pembeni yake akisoma majina ya majedwali kwa sauti, kila moja likipita anaweka alama kwenye karatasi. Mniko hakuwa na haraka tena, na hilo lilimshangaza. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi yenyewe, na ziwa lilikuwa dirishani, jeupe.

Saa tano kasoro dakika kumi aliiamuru mashine ifute aina iliyoitwa baba. Safari hii haikukataa.

Lakini wafu hawafufuki kwa kubadilisha sharti. Kila mmoja alitakiwa aandikwe upya, na haikufaa kuwaandika wote kwa mkupuo, maana tarehe moja Januari watu hufa kweli pia. Bi Jenipher alivuta kiti, akashika simu mwenyewe. Alipiga Bunda, Butiama, Kiabakari, Kiriba. Alisoma jina, karani wa upande wa pili akajibu, Mniko akaandika.

"Ghati Marwa."

"Yupo, madam. Jana kaleta maziwa."

"Bhoke Mseti."

"Yupo. Ni mama kabisa."

"Isaya Makongoro."

"Huyo mwanamume, madam, na alikufa kweli. Tulimzika. Mwacheni."

"Pole. Wankuru Chacha."

"Yupo, anaumwa miguu."

Iliendelea hivyo, jina na yupo, jina na yupo, mpaka chumba kikawa kama kanisa wakati wa sala ndefu, ambapo watu hujibu bila kufikiri na bado wanamaanisha. Wawili walikuwa wamekufa kweli. Wengine hamsini walirudi. Mmoja alibaki, na Bi Jenipher hakulisoma jina lake. Aliweka simu chini.

"Huyo andika mwenyewe."

Aliandika: Nyangi. Mwanamke. Yupo hai. Alibonyeza. Mashine ilifikiri kwa kitambo kidogo, kisha mstari ukaingia mahali pake, kimya, kama vile haujawahi kukataliwa. Matawi yalifunguliwa. Saa tano na dakika arobaini na mbili, Justina kule Bunda alichapisha orodha mpya, akatoka nyuma ya dirisha lake kwa mara ya kwanza wiki ile, akaipeleka kwa daktari kwa mkono. Majina saba ya wenye mtoto wa jicho yalikuwa yameongezeka. Sita kati yao hata hawakuwa wanajua kwamba walikuwa wanahitaji kuwa hai, na ilibidi wapigiwe simu waje wanakimbia.

Nyangi alikuwa palepale kwenye benchi, mkono ndani ya mkono wa Matrida.

"Tayari, bibi," alisema Justina. "Twende."

"Nimekuwa mzima?"

"Umekuwa mzima."

"Na yule aliyeniua mmemwona?"

Justina alimshika mkono wa pili, akamnyanyua taratibu. "Atakuja mwenyewe kesho," alisema.

*

Ijumaa asubuhi Mniko na Eunice walitoka Musoma na mtoto. Mvua ilikuwa imepita alfajiri, na Bunda nzima ilikuwa inatoa mvuke, lami, mabati, migongo ya ng'ombe. Wodini wazee walikuwa wamekaa kwenye vitanda kwa mstari, kila mmoja na bandeji, wanasubiri kama watu walioambiwa wafumbe macho wapewe zawadi. Matrida alikuwa ameshika kofia ya kijivu mapajani.

Muuguzi alifika kitanda cha Nyangi. Alifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko. Walikuwa wamepasua jicho moja, la kulia. La pili lingesubiri. Nyangi alilifungua, akalifumba, akalifungua. Alitazama dari muda mrefu. Alitazama dirisha. Kisha alimtazama Matrida.

"Nywele zimekuwa nyeupe lini?" aliuliza.

"Ulipokuwa huoni," alisema Matrida.

Nyangi akageuza kichwa. Mniko alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, karatasi mkononi.

"Umenenepa."

"Ndiyo."

"Hiyo ni nini?"

"Ni karatasi ya kompyuta. Nimeitoa ofisini. Umeandikwa humu."

"Nionyeshe."

Nyangi hakujua kusoma, lakini aliinama juu ya karatasi ile kama anayekagua unyayo wa mnyama. Mniko aliweka kidole chake chini ya mstari. Alimwonyesha jina. Alimwonyesha neno mwanamke.

"Na haka?"

"Hapo pameandikwa yupo hai."

"Kadogo," alisema Nyangi. Alikagusa kwa ukucha. "Na palipokuwa pameandikwa nimekufa?"

"Ni hapo hapo. Pamefutwa."

"Aliandika nani?"

Muuguzi alikuwa amehamia kitanda cha pili. Eunice alimtazama mumewe, kisha akatazama nje. Mniko aliikaza karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, Tata."

Jicho lile moja jipya, jekundu bado, lilitulia usoni pake. Halikupepesa. Lilikwenda taratibu kwenye paji la uso, kwenye mdomo, kwenye mikono iliyoshika karatasi, likarudi. Matrida aliacha kuipapasa kofia.

"Haya," alisema Nyangi. Alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mto. Kisha alinyoosha mikono yote miwili mbele yake.

"Nipeni huyo mtoto nimwone."